Philip Drinker
Philip Drinker (12 Desemba 1894 – 19 Oktoba 1972) alikuwa mhandisi wa Marekani aliyebuni pafu la chuma pamoja na Louis Agassiz Shaw katika Chuo Kikuu cha Harvard.

Mgonjwa alilazwa ndani ya sanduku la chuma, kichwa kikibaki nje. Pampu ilipopunguza hewa sandukuni, kifua kilipanuka na pumzi ikaingia, bila mpira wowote kooni. Mwaka 1928 mjini Boston, msichana wa miaka 8 aliyepooza kwa polio alipata nafuu humo ndani ya dakika chache. Siku chache baadaye alifariki kwa nimonia. Mashine humpa mgonjwa pumzi, lakini haimtoi makohozi. Wataalamu wa fiziotherapia husaidia katika kazi hiyo.

John Haven Emerson alipotengeneza pafu la bei nafuu mwaka 1931, alishtakiwa kwa ajili ya hataza. Drinker na Harvard walishindwa.