Abacost ya Mobutu na picha za vijana wa Vitshumbi

Wandugu, vijana wetu wa Vitshumbi, wengine baba zao wako kwenye mashimo kule Masisi, wanapanga picha za mavazi kando ya ziwa, kwa mtindo wa Kichina: koti lenye kola fupi na vifungo mpaka juu. Walikuja kwetu sendika kuomba abacost za zamani. Mzee mmoja wetu anayo ndani ya sanduku la bati. Mbele ya kuwapa, tuliwaambia habari za mwenye kutuvalisha hiyo nguo.

Mobutu alizaliwa Lisala tarehe 14 Oktoba 1930. Akawa askari, kisha mwandishi wa gazeti, na tarehe 24 Novemba 1965 akakamata utawala. Mwaka 1967 sendika zote zikaunganishwa kuwa moja tu. Mwaka 1971 inchi ikaitwa Zaire. Hata ziwa letu Edouard likapewa jina la Idi Amin Dada!

Kuanzia 1972 akaingia mpaka ndani ya nguo zetu. Kravati ikakatazwa, mama zetu wakakatazwa suruali na wigi. Abacost, maana yake «à bas le costume», ilifanana sana na koti la Mao, na Januari 1973 Mobutu alifika Beijing, akaonana na Mao mwenyewe. Lakini koti la Mao lilikuwa la watu wote, mkubwa na mlimaji. Kwetu, wakubwa walivaa kitambaa cha bei na fulari shingoni. Mfanyakazi naye alipaswa kujitafutia ya kwake, na bei ya shaba ilipoanguka, mushahara ukapungua nguvu.

Picha aliijua, huyo mutu. Kofia ya chui, fimbo, miwani: picha hiyo ilitundikwa kila ofisi, na habari za televisheni zilianza na sura yake ikitoka mawinguni.

Tarehe 24 Aprili 1990, kule N'Sele, alilia mbele ya watu, akaruhusu vyama vingi na kravati pia. Yeye akaendelea na abacost yake. Mei 1997 akakimbia, na tarehe 7 Septemba akafia Rabat. Kaburi lake liko huko mpaka leo.

Mzee amekubali kuazima koti. Shauri lake ni moja: bila kofia ya chui, bila fimbo. Wapige picha kati ya nyavu na pirogi. Kijana mmoja alikuwa amekwisha kupata kofia, na mpaka jana walikuwa bado wanabishana.