Abdallah Susi

Abdallah Susi (alizaliwa Shupanga, kando ya mto Zambezi, leo nchini Msumbiji, alifariki Zanzibar mwaka 1891) alikuwa kiongozi wa misafara. Anajulikana hasa kwa kuongoza, pamoja na James Chuma, safari ya kuurudisha pwani mwili wa David Livingstone kupitia Tabora mwaka 1873 hadi 1874.

Maisha ya awali

Susi aliajiriwa na Livingstone mwaka 1863 kufanya kazi kwenye meli zake katika mto Zambezi. Mwaka 1864 walivuka Bahari ya Hindi hadi Bombay, ambako Susi alifanya kazi bandarini. Mwaka 1866 alirudi Afrika na Livingstone, wakaanza safari ya bara kutoka Mikindani. Mwaka 1871 alikuwa Ujiji na ndiye aliyemkimbilia Henry Morton Stanley kumlaki. Mwaka uliofuata alikaa na Livingstone katika tembe la Kwihara, karibu na Tabora, wakisubiri wapagazi waliotumwa na Stanley kutoka pwani. Waliondoka huko Agosti 1872.

Kuhifadhi mwili

Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, leo nchini Zambia. Susi, Chuma na wenzao waliamua kutomzika huko, ingawa kusafiri na maiti kuliogopwa na wenyeji wengi wa njiani. Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari Zanzibar, aliongoza kazi ya kuupasua mwili. Moyo na matumbo vilizikwa chini ya mti, na Jacob Wainwright akasoma sala za maziko.

Mwili ulitiwa chumvi, ukaanikwa juani kwa takriban wiki mbili na kugeuzwa kila siku. Kwa kuwa unyevu uliondolewa, mwili haukuoza haraka. Kisha ulifungwa kwa kitambaa cha pamba, miguu ikiwa imekunjwa ili mzigo uwe mfupi, ukawekwa ndani ya gome la mti na kushonewa turubai lililopakwa lami. Mzigo huo ulining'inizwa kwenye mti na kubebwa na watu wawili.

Tabora na njia ya misafara

Msafara ulifika Tabora Oktoba 1873. Hapo ulikutana na Verney Lovett Cameron, afisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone. Cameron alishauri mwili uzikwe Unyanyembe, lakini Susi na wenzake walikataa.

Huko Kasekera wenyeji walikataza maiti kupita. Wasafiri walifunga mabua kwa nguo kama maiti, wakayapeleka njia ya kurudi Unyanyembe kana kwamba wanakwenda kuzika, kisha wakayatupa porini. Mwili wenyewe ulitolewa kwenye gome na kufungwa upya kama mtumba wa nguo, mzigo wa kawaida katika njia ile, ukapita bila kutambuliwa.

Walifika Bagamoyo Februari 1874, baada ya kutembea zaidi ya kilomita 1,500. Huko Uingereza mwili ulitambuliwa kwa mfupa wa mkono wa kushoto uliovunjwa na simba mwaka 1844. Ulizikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874.

Miaka ya mwisho

Wainwright peke yake ndiye aliyehudhuria mazishi hayo kati ya waliobeba mwili. Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye mwaka huo kwa gharama ya James Young, rafiki wa Livingstone, wakamsaidia Horace Waller kuhariri shajara za mwisho za marehemu.

Baadaye Susi alifanya kazi na Stanley katika Kongo, akashiriki kuanzisha kituo cha Léopoldville, leo Kinshasa. Kisha aliongoza misafara ya wamisionari Waanglikana. Mwaka 1886 alibatizwa Zanzibar na kupewa jina la David.

Tembe la Kwihara limehifadhiwa kama makumbusho.