Woo Jang-choon, aliyefumbua nasaba ya mbegu za mafuta

Mafuta ya kanola hukamuliwa kutoka mmea uitwao rapa, ambao nasaba yake ilithibitishwa mwaka 1935 na mtaalamu ambaye nasaba yake mwenyewe ilimwandama maisha yote.

Woo Jang-choon alizaliwa Tokyo mwaka 1898, mama Mjapani, baba Mkorea. Baba huyo, afisa wa jeshi, alikimbilia Japani baada ya kuhusishwa na mauaji ya Malkia Min wa Korea mwaka 1895, naye akauawa kwa kisasi mwaka 1903. Mama akabaki fukara, na kwa muda mtoto alilelewa katika hekalu la Kibudha.

Alisomea kilimo, kisha akaajiriwa katika kituo cha utafiti cha serikali ya Japani. Huko alichavusha kwa mkono mimea ya ukoo wa kabichi na kuhesabu kromosomu zake kwa hadubini. Rapa ina jozi 19: kumi zatoka kwa spishi ya kabichi ya Kichina, tisa kwa ile ya kabichi ya kawaida, ambayo ndiyo pia ya sukuma wiki. Alipozichanganya spishi hizo mbili, rapa ikazaliwa upya mikononi mwake. Haradali ya Ethiopia, yenye jozi 17, nayo ni mtoto wa kabichi na haradali nyeusi.

Faida yake kwa wazalishaji wa mbegu ni kubwa. Rapa ilitokana na wazazi wachache, hivyo urithi wake ni finyu. Anayetaka kuupanua huwarudia wazazi wale, kwani chotara wa mistari iliyoachana mbali mara nyingi huzaa zaidi.

Mwaka 1950 Woo alimwacha mkewe na watoto Japani akaenda Korea Kusini, iliyokuwa na uhaba wa mbegu za mboga. Mjini Busan alizalisha kabichi na figili chotara. (Wakorea wengi humsifu pia kwa tikiti lisilo na mbegu, hilo ni la Mjapani Hitoshi Kihara.)

Mama yake alipofariki mwaka 1953, serikali ya Korea Kusini ilimnyima ruhusa ya kwenda kumzika. Kwa fedha za rambirambi alichimba kisima katika kituo chake, akakiita chemchemi ya maziwa ya mama. Alifariki tarehe 10 Agosti 1959, siku chache baada ya kuvishwa nishani ya taifa akiwa kitandani hospitalini.