Rugambwa: Mwana wa Muleba aliyebeba sura ya Afrika

KWA lugha ya Kihaya, jina Rugambwa lina maana ya mtu anayesemwa, ambaye habari zake zimo midomoni mwa watu. Aliyelibeba alizaliwa Julai 12, 1912 katika kijiji cha Bukongo, eneo ambalo leo ni Wilaya ya Muleba, nchi ikiwa bado chini ya Wajerumani. Alibatizwa mwaka 1921 pamoja na wazazi wake, akapewa jina Laurean.

Alisoma seminari ya Rubya, kisha Katigondo nchini Uganda, na kupata upadri mwaka 1943. Baadaye alipelekwa Roma, akahitimu shahada ya uzamivu katika sheria za Kanisa. Mwaka 1952 akawa askofu wa kwanza Mwafrika katika Tanganyika, makao yake yakiwa Rutabo, kijijini katikati ya migomba na mibuni.

Machi 28, 1960, Papa Yohane XXIII alimfanya kardinali akiwa na umri wa miaka 47. Dar es Salaam na Tabora ndizo zilizokuwa majimbo makuu. Kofia nyekundu ikaenda Rutabo. Siku hiyohiyo walitangazwa pia Peter Tatsuo Doi wa Tokyo na Rufino Santos wa Manila, kila mmoja akiwa wa kwanza kwa taifa lake. Rugambwa alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza wa zama hizi kufikia cheo hicho.

Ni vigumu leo kupima uzito wa picha zake za wakati ule. Kwa miongo mingi, Mwafrika katika picha za misheni alionyeshwa akifundishwa, akibatizwa au akibeba mizigo ya msafara. Sasa magazeti ya dunia yalimwonyesha amevaa joho jekundu, akiwa miongoni mwa wakuu wa Kanisa, mwaka mmoja na miezi kadhaa kabla ya Uhuru wa Tanganyika. Lilikuwa vazi la cheo, lakini watazamaji wengi waliliona kuwa vazi la bara zima. Mzigo huo hakuuomba. Wapo walioweza kudhani kwamba Roma ilitafuta tu sura nyeusi ya kuonyesha. Wasifu wake wa kitaaluma ulitosha kuwajibu.

Wala hakubaki kuwa picha. Alishiriki Mtaguso wa Pili wa Vatikani, 1962 hadi 1965, na kupiga kura katika uchaguzi wa Papa mwaka 1963, kisha mara mbili mwaka 1978. Alihamishiwa makao ya jimbo Bukoba mwaka 1960, na kuanzia Desemba 1968 aliongoza Jimbo Kuu la Dar es Salaam hadi alipostaafu mwaka 1992.

Alifariki dunia Desemba 8, 1997. Kwa kuwa Kanisa Kuu la Bukoba lilikuwa halijawa tayari kumpokea, alizikwa kwa muda Kashozi. Ilichukua takribani miaka 15. Oktoba 2012 mwili wake ukahamishiwa Bukoba, ndani ya kanisa hilo.