Juan Prim: Jenerali aliyempindua malkia kisha akaitafutia Uhispania mfalme

JIONI ya Desemba 27, 1870, theluji ilikuwa ikianguka jijini Madrid. Waziri Mkuu wa Uhispania, Jenerali Juan Prim, alitoka bungeni akapanda gari lake la kukokotwa na farasi kuelekea Wizara ya Vita, alikokuwa akiishi. Katika barabara nyembamba iliyoitwa Calle del Turco, njia ilikuwa imezibwa. Watu waliojihami walijitokeza gizani na kulimiminia gari hilo risasi.

Prim alifariki siku tatu baadaye. Siku hiyo hiyo, mfalme mpya ambaye jenerali huyo alikuwa amehangaika kumtafuta katika majumba ya kifalme ya Ulaya alitia nanga katika bandari ya Cartagena. Aliyemwalika hakuwepo kumpokea.

Maisha ya Prim ni ya mwanajeshi aliyejua mno kuangusha serikali, lakini akagundua akiwa amechelewa kwamba kujenga nyingine itakayodumu ni kazi ya aina tofauti kabisa.

Apanda vyeo vitani

Prim alizaliwa mnamo Desemba 6, 1814, mjini Reus katika eneo la Katalonia, kaskazini mashariki mwa Uhispania.

Mfalme Fernando VII alipofariki mnamo 1833, alimwacha binti yake, Isabel, akiwa hajatimiza hata miaka mitatu. Carlos, nduguye marehemu, alikataa kumtambua mtoto huyo na kudai kiti cha enzi kuwa chake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka.

Mwaka uliofuata, Prim, akiwa na umri wa miaka 19, alijiunga na kikosi cha wanajeshi wa kujitolea waliompigania Isabel. Aliingia akiwa askari wa kawaida. Vita vilipomalizika mnamo 1840, alikuwa amejeruhiwa mara kadhaa na kupanda hadi cheo cha kanali. Isabel huyo aliyemmwagia damu ujanani ndiye angekuja kumng'oa mamlakani utu uzimani.

Mnamo 1841, alichaguliwa kuwa mbunge kwa tiketi ya mrengo wa wapenda mageuzi. Wakati huo Uhispania ilitawaliwa na Jenerali Baldomero Espartero kwa niaba ya malkia aliyekuwa bado mtoto. Espartero alipoushambulia mji wa Barcelona kwa mizinga mnamo Desemba 1842, Prim alighadhabika. Mnamo 1843, aliongoza uasi mjini Reus, na Espartero akatorokea Uingereza. Prim alituzwa cheo cha ukabaila, akawa Kaunti wa Reus.

Hata hivyo, miezi michache tu baadaye wakazi wa Barcelona waliasi tena, na safari hii Prim mwenyewe ndiye aliyetumwa kuwazima. Aliyelaani mizinga ya Espartero sasa alikuwa upande wa serikali.

Mwaka wa 1844, alishtakiwa kwa kula njama dhidi ya serikali na kuhukumiwa kifungo cha miaka sita. Mamake alimwendea malkia kumwombea msamaha, akasamehewa.

Amri ya Puerto Rico

Mnamo 1847, Prim aliteuliwa kuwa gavana wa Puerto Rico, koloni la Uhispania katika bahari ya Karibi. Huko aliacha doa ambalo sifa zake zote hazijalifuta.

Mwaka wa 1848, watumwa wenye asili ya Afrika walisimama kudai uhuru wao katika visiwa vya Martinique na St Croix. Prim, kwa kuhofia kuwa moto huo ungevuka bahari, alituma wanajeshi kuwasaidia watawala wa St Croix. Isitoshe, mnamo Mei 31 mwaka huo alitoa amri iliyomweka kila mtu mwenye asili ya Afrika, awe mtumwa au huru, chini ya mahakama ya kijeshi. Mtumwa ambaye angemwinulia mzungu silaha angeuawa. Aliye huru angekatwa mkono. Kabla ya mwaka huo kwisha, Prim aliondolewa kwenye wadhifa huo.

Moroko na Meksiko

Jina lake lilivuma zaidi katika vita ambavyo Uhispania ilipigana na Moroko mnamo 1859 na 1860. Siku ya Januari 1, 1860, katika mapigano ya Los Castillejos, kusini mwa Ceuta, wanajeshi wake walipoanza kurudi nyuma, aliitwaa bendera ya kikosi na kuwatangulia kuelekea kwa adui. Februari mwaka huo, mji wa Tetuan ulitekwa.

Prim alirejea nyumbani akiwa shujaa na kutunukiwa cheo cha Markizi wa Castillejos. Kwa upande wake, Moroko ilitozwa fidia kubwa iliyoifilisi hazina ya Sultani na kuwekea rehani sehemu ya ushuru wa forodha katika bandari zake.

Miaka miwili baadaye alionyesha busara ambayo wengi hawakuitarajia kutoka kwa mtu wa vita. Rais Benito Juárez wa Meksiko alikuwa amesimamisha ulipaji wa madeni ya nje mnamo 1861. Uhispania, Uingereza na Ufaransa zikakubaliana kutuma majeshi kudai pesa zao, na Prim akapewa uongozi wa Wahispania.

Prim, ambaye mkewe Francisca Agüero alitoka katika familia tajiri ya Meksiko, aling'amua haraka kuwa Mfalme Napoleon III wa Ufaransa hakuwa akifuata deni bali nchi yenyewe, akitaka kuwasimikia Wameksiko mfalme kutoka Austria. Alimwandikia kumwonya kuwa kumvisha mtu taji huko kungekuwa rahisi, ila asingepata wa kumtetea. Mnamo Aprili 1862, aliamua kuyaondoa majeshi yake bila kusubiri ruhusa ya Madrid.

Wafaransa walibaki. Maximilian, mfalme waliyemsimika, alipigwa risasi na kikosi cha Juárez mnamo Juni 1867.

Malkia atoroka

Wakati huo, utawala wa Isabel II ulikuwa umechokwa. Mrengo wa Prim ulifungiwa kila mlango wa kuingia serikalini, naye akageukia njama. Uasi aliouongoza Januari 1866 uliambulia patupu, akakimbilia Ureno, kisha akazunguka uhamishoni katika nchi kadhaa za Ulaya.

Mnamo Septemba 1868, alisafiri kisiri kutoka London hadi Gibraltar akiwa amejifanya mtumishi, akaingia Cádiz ambako jeshi la majini lilikuwa limeasi chini ya Juan Bautista Topete. Septemba 28, Jenerali Francisco Serrano aliwashinda watetezi wa malkia katika daraja la Alcolea. Siku mbili baadaye, Isabel alivuka mpaka kuingia Ufaransa.

Serikali mpya iliwapa wanaume wote waliotimiza miaka 25 haki ya kupiga kura, ikaruhusu uhuru wa kuabudu na kuanzisha sarafu ya peseta, iliyotumika hadi ilipoondolewa na yuro mnamo 2002. Katiba mpya ilipitishwa Juni 1869. Serrano akawa msimamizi wa kiti cha enzi, na Prim akawa Waziri Mkuu.

Lakini ahadi za mapinduzi ni deni. Raia walikuwa wameahidiwa kuwa vijana wao hawangelazimishwa tena kujiunga na jeshi. Vita vya ukombozi vilivyozuka Kuba mnamo Oktoba 1868 vilihitaji askari, na vijana wa maskini wakaendelea kuchukuliwa huku wa matajiri wakilipa pesa na kubaki nyumbani. Wakazi wa Gràcia, karibu na Barcelona, walipoasi Aprili 1870, walijibiwa kwa mizinga.

Hata hivyo, ni chini ya Prim ambapo bunge lilipitisha sheria ya Julai 1870, iliyowaweka huru watoto wa watumwa waliozaliwa tangu Septemba 1868 pamoja na watumwa waliopita umri wa miaka 60. Aliyetisha kukata mikono Puerto Rico ndiye aliyekuwa mkuu wa serikali utumwa ulipoanza kufunguliwa minyororo.

Mfalme atafutwa

Katiba ilitaka nchi iwe na mfalme, na Prim alikuwa amesisitiza bungeni kwamba ukoo wa Bourbon usingerudi kamwe. Baadhi ya aliowabishia hodi walikataa taji hilo. Alipomgeukia Leopold wa Hohenzollern, jamaa wa mfalme wa Prussia, Ufaransa ilikasirika. Leopold alijiondoa, lakini ugomvi ulikuwa umekwisha kuiva. Julai 19, 1870, Ufaransa ilitangaza vita dhidi ya Prussia, na Septemba Napoleon III akatekwa.

Mwishowe Amadeo, mwana wa mfalme wa Italia, alikubali. Novemba 16, bunge lilimchagua kwa kura 191 kati ya 311. Wiki sita baadaye Prim alipigwa risasi.

Uchunguzi wa mauaji hayo ulijaza maelfu ya kurasa. Walishukiwa wafuasi wa jamhuri, watu wa Duke wa Montpensier aliyekuwa akilimezea mate taji, na hata watu wa karibu na Serrano. Hakuna aliyewahi kuhukumiwa. Maiti yake ilipokaguliwa na wataalamu zaidi ya miaka 140 baadaye, nao hawakuafikiana.

Amadeo alipowasili Madrid mnamo Januari 2, 1871, alipitia kwanza kanisa la Atocha kuutazama mwili wa mtu aliyemleta. Bila Prim, vyama vilivyomchagua viligawanyika, na Februari 1873 akajiuzulu. Jamhuri iliyofuata ilikuwa na marais wanne katika muda usiotimia mwaka mmoja.

Mnamo Desemba 1874, Jenerali Arsenio Martínez Campos aliasi na kumtangaza mwana wa Isabel, Alfonso XII, kuwa mfalme. Ukoo ambao Prim aliapa usingerudi ulirudi kwa njia ile ile aliyoutoa: kwa uasi wa jenerali mmoja na wanajeshi wake.