Nishani Iliyochelewa: Sajini Leakey na Askari Wawili

Ushujaa haungoji nishani. Nishani ndiyo huufuata ushujaa, na mara nyingi huufuata kwa kuchelewa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Sajini Nigel Gray Leakey wa Batalioni 1/6 ya King's African Rifles (KAR), batalioni ya Tanganyika.

Leakey, mwana wa wazazi wa Kiingereza, alizaliwa Kenya tarehe 1 Januari 1913. Vita Kuu ya Pili vilipozuka, alijiunga na jeshi.

Mapema mwaka 1941 majeshi ya Uingereza yalivuka mpaka wa Kenya na kuingia Somalia, iliyokuwa koloni la Waitalia. Batalioni 1/6 ilikuwa chini ya Divisheni ya 12 ya Afrika. Tarehe 14 Februari divisheni hiyo iliitwaa Kismayo, bandari ya pwani ya Wabajuni, ambao visiwa vyao vya Koyama, Chovai na Chula vimepangana kuelekea kusini, na ambao lugha yao ni ndugu wa Kiswahili cha askari wale. Mto Juba ukavukwa, Mogadishu ikaanguka tarehe 25 Februari, na vita vikahamia Ethiopia.

Huko Kolito, tarehe 19 Mei 1941, kombania mbili zilivuka Mto Bilate kwa taabu kubwa bila ya silaha nzito. Ghafla vifaru vya adui vikashambulia, kimoja kikitokea nyuma yao. Leakey alikirukia, akafungua kifuniko chake kwa nguvu, akawaua kwa bastola wote waliokuwamo isipokuwa dereva, ambaye alimlazimisha kukipeleka mafichoni. Alijaribu kuutumia mzinga wake, ukakataa. Ndipo aliposhuka na kuvifuata vifaru vingine kwa miguu, chini ya mvua ya risasi. Waliofuatana naye walikuwa sajinimeja mmoja Mwafrika na askari mwingine mmoja. Vifaru viwili vikawapita. Leakey akapanda cha tatu, akamuua mtu mmoja ndani yake. Bombomu la kifaru cha nne likamwangusha, akafa.

Heshima ilikuja tarehe 15 Novemba 1945, zaidi ya miaka minne baadaye na vita vikiwa vimekwisha, alipotunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Kaburi lake halijulikani. Jina lake limechongwa katika ukumbusho wa Nyeri.

Hata hivyo, hati ya nishani hiyo iliwataja wale wenzake wawili bila ya majina. Walikikabili kifo kile kile katika uwanja ule ule. Kwa Leakey, heshima ilichelewa. Kwao, hata jina halikuandikwa.

Batalioni ya Sita ya KAR iligeuka kuwa Tanganyika Rifles mwaka 1961, na zama zake zimepita. Lakini funzo limebaki kwa kila kamanda, wa jeshi na wa polisi: siku ya tukio, kabla wino wa taarifa haujakauka, andika jina la kila aliyesimama imara. Nishani yaweza kungoja. Jina lisipoandikwa, hupotea.