Kamera ya Marehemu Mohamed Amin

Tangu msiba wa MV Bukoba mwaka 1996, na tena ule wa MV Nyerere pale Ukara mwaka 2018, sisi wa magazeti tumekuwa tukijiuliza ni picha ipi ya msiba yafaa kuonyeshwa, na nani mwenye haki ya kuizuia. Tumeona vema tumkumbuke Marehemu Mohamed Amin.

Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na huko ndiko alikoanzisha shirika lake la picha, Camerapix, mwaka 1963. Mapema aliionja adha ya kazi hiyo: mwaka 1966 alitiwa kizuizini Zanzibar kwa siku 27.

Lakini jina lake lilivuma kwa kazi ya Korem, kaskazini mwa Ethiopia, Oktoba 1984. Ukame ulikuwa umeua mazao, na vita vikaziba njia za chakula. Serikali, iliyokuwa imetoka kuadhimisha kwa shangwe miaka 10 ya mapinduzi, iliwazuia wanahabari kwa miezi mingi wasifike huko. Amin, akiwa na Michael Buerk wa BBC, alipata kibali. Hapakuwa na haja ya kumpanga mtu mbele ya kamera: maelfu walikuwa wamelala chini kwenye baridi ya alfajiri, na maiti zikikusanywa. Filamu hiyo ilionyeshwa na vituo zaidi ya 400 vya televisheni, na misaada ikamiminika.

Twaamini picha zile zilikuwa za kweli, ila hazikuwa kweli yote. Ukame ulionekana, vita havikuonekana. Wala wenyeji waliokuwa wakihudumia wagonjwa na kuchimba makaburi hawakukumbukwa na watazamaji wa Ulaya kama walivyokumbukwa wenye njaa. Lawama hiyo hatumtwiki mpiga picha peke yake. Maofisa waliofunga barabara ndio waliomwachia kazi ya kueleza kwa siku chache jambo ambalo wao walilijua kwa miezi.

Mwaka 1991 Amin alipoteza mkono katika mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa, akarudi kazini na mkono wa bandia. Tarehe 23 Novemba, 1996 ndege aliyopanda ilitekwa, ikaishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na Ngazija. Watu 125 kati ya 175 walikufa, naye akiwamo. Mtalii aliyekuwa ufukweni aliipiga filamu ikigonga maji, nayo ikaonyeshwa duniani kote. Wakati huo wenyeji wa kisiwa walikuwa majini, wakiwatoa waliokuwa hai.